Labda ya Fundi Makochi

Ukumbi wa kusubiri wa kliniki ya meno ulikuwa umejaa mashavu yaliyovimba siku Fundi Makochi alipoingia na futi yake ya utepe, akaomba wagonjwa wasimame kidogo apime mabenchi. Hakuna aliyesimama. Ndipo dada wa mapokezi, ndani ya blauzi ya samawati iliyopigwa pasi ikatulia kama karatasi mpya, alipomwita mezani na kumwambia kwamba hapo mtu haji tu kama mvua. Hapo mtu huwekwa kwenye kalenda.

"Basi niweke," fundi akasema.

"Jina?"

"Fundi Makochi."

"Hilo nalo ni jina?"

"Wenye makochi mabovu wakiliita, naitika."

Dada akajizuia kucheka, akamwomba barua pepe. Alikuwa nayo, mpwa wake alimfungulia kwenye simu, na tangu hapo hakuichungulia. Akaingizwa kwenye kitabu cha anwani, kundi la mafundi, kati ya fundi bomba na fundi umeme, kisha akatumiwa mwaliko wa kuja kupima jioni kliniki ikishafungwa. Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa akaitazama kama kitu kilichomng'ata. Chini ya mwaliko kulikuwa na vitufe vitatu: Kubali, Labda, Kataa. Akabonyeza cha katikati.

"Labda?" dada akauliza. "Umesimama mbele yangu unaomba kuja, halafu labda?"

"Nitakuja."

Akaja. Alikuja mapema, amevaa shati jeupe la mikono mirefu lisilofaa hata kidogo kwa kazi ya gundi na misumari, na mabenchi yale yakamchukua muda kuliko sebule nzima ya tajiri, maana kila msumari mmoja ulikuwa na neno lake la kumwambia dada. Kufikia benchi la mwisho alikuwa amembatiza jina, Mapokezi, na yeye amelikubali.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, na maudhi yakaanza siku hiyohiyo.

Mapokezi aliishi kwa kalenda. Kunyoosha nguo kulikuwa na saa yake, kumpigia mama yake simu kulikuwa na kikumbusho chenye kengele, na sasa fundi naye akapewa rangi yake, ya waridi. Matembezi, waridi. Chakula cha jioni, waridi. Kila mwaliko ulipofika kwa fundi jibu lilirudi lilelile: Labda. Mapokezi alikuwa akiliona neno hilo kwenye skrini na shingo inapata moto.

"Nikate vitunguu vya watu wangapi kwa labda?" alimuuliza kwenye simu, kisu mkononi.

"Vya watu wawili, mpenzi."

"Basi bonyeza Kubali."

"Nitakuja."

"Sikukuuliza kama utakuja. Nimekwambia ubonyeze."

Fundi alicheka, akamwita nyota yake ya mchana, akasema kazi yake ni misumari, si vitufe. Na kabla vitunguu havijageuka rangi alikuwa mlangoni na shati lake jeupe. Lakini Mapokezi alikwisha kukasirika, na mtu aliyekasirika hula kimya wala haangalii nani amekaa mbele yake.

Kisha ukaja mwaliko mkubwa. Mama yake Mapokezi alikuwa ameuliza mara nyingi huyo fundi anayetajwatajwa ana sura gani, na Mapokezi akaamua amwonyeshe Jumapili, mbele ya ndugu zake wote. Akaandaa mwaliko kwa uangalifu: mahali, saa, na maelezo ya njia. Kaka yake mkubwa akajibu Kubali papo hapo. Shangazi, Kubali. Dada yake mdogo, Kubali. Mapokezi akakaa anaisubiri skrini kama mama anayesubiri maziwa yasifurike, na mwishowe jibu la fundi likaja.

Labda.

Akampigia. Akamwambia kwamba amevumilia labda ya sinema na labda ya bustani, lakini labda ya mama yake mzazi hapana.

"Unataka kuonekana kwetu au hutaki?"

"Nataka kuliko unavyojua."

"Basi kitufe kinakuuma wapi?"

Fundi akasema ataeleza wakikutana, si kwenye simu. Mapokezi akamjibu kwamba kukutana huko nako bila shaka ni labda, akakata. Akaliondoa jina lake kwenye mwaliko wa Jumapili. Hakutosheka, akaenda kwenye kitabu cha anwani akalifuta na huko. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika.

"Nina uhakika," aliijibu kwa sauti, na mgonjwa wa jino aliyekuwa karibu akasogea mwisho wa benchi.

Asilolijua ni kwamba ukimwondoa mtu kwenye mwaliko, programu ile humwandikia kwa niaba yako, tena kwa maneno makavu: Shughuli hii imefutwa.

Jumapili chakula kiliiva kwa mama, mezani kiti kimoja kikabaki kitupu: cha kaka mkubwa. Alipopigiwa alisema yuko njiani, na wote walijua njia hiyo huanzia kitandani kwake. Mapokezi, gauni la kijani kibichi na macho mekundu, alikuwa anapakua bila kuonja. Mama yake akamuuliza fundi yuko wapi. Akasema amemfuta. Mama akarudia neno hilo taratibu, kama anayeonja chumvi.

Mlango ukabishwa kwa upole, namna watu wanavyobisha penye mgonjwa. Alikuwa Fundi Makochi, shati jeupe, mfuko wa machungwa mkononi, na uso umeandaliwa kwa huzuni.

"Shikamoo mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Pole ya nini?"

Akaitazama meza, akamtazama mama aliyesimama imara na mwiko wake. "Niliandikiwa shughuli imefutwa. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikasema huku kuna mgonjwa."

Shangazi akaangua kicheko kwenye leso. Mapokezi alitaka sakafu immeze.

"Mtu akiambiwa imefutwa hukaa kwake," alisema.

"Chakula kikifutwa, ningekaa," fundi akasema. "Lakini mama yako akiwa mgonjwa, ningekaaje?"

Mama akampokea machungwa, akamketisha kwenye kiti kitupu, kisha akamgeukia binti yake.

"Kitendawili."

"Mama, si sasa."

"Kitendawili."

"Tega," Mapokezi akasema, kwa hasira.

"Nimewaita wawili. Aliyeitika hakuja, aliyekuja hakuitika."

Jioni zote za waridi zikamjia Mapokezi moja moja, na katika kila moja fundi alikuwa mlangoni kabla ya saa yake.

"Umeshindwa," mama akasema. "Nipe mji. Na huo mji makochi yake yatengenezwe na huyu."

Baada ya kula walikaa kwenye ngazi za nje wakimenya machungwa. Fundi akamweleza kwamba baba yake alikuwa bingwa wa ndiyo. Ndiyo nitakuja shuleni kwako, ndiyo nitaleta viatu, ndiyo tutakula pamoja. Yeye na mama yake walikuwa wakioga, wanavaa, wanakaa mlangoni mpaka giza. "Nikaapa sitamwambia mtu ndiyo. Nitatokea tu."

"Ungeniambia mapema," Mapokezi akasema, "ningepumzisha shingo yangu."

Akamrudisha kwenye kitabu cha anwani, safari hii kundi la nyumbani, chini kidogo ya mama.

Wiki iliyofuata, katikati ya foleni ya wagonjwa, mwaliko ukaingia kwenye kompyuta yake. Ulikuwa wa kwanza fundi kuuandika mwenyewe, na hilo lilionekana. Kuja kuposa kwa mama, Jumamosi, asubuhi hadi Jumatatu. Unajirudia kila wiki. Mwisho: hakuna.

Akashika simu. "Utakuja kuniposa kila Jumamosi ya maisha yangu?"

"Simu iliniuliza mwaliko ujirudie mpaka lini. Nikaona aibu kuweka tarehe."

"Wewe mwanaume utaniua."

"Jibu basi, nyota. Vitufe vitatu."

Mapokezi akavitazama. Akavuta pumzi, akabonyeza cha katikati.

Upande wa pili fundi akacheka mpaka akaangusha nyundo.

Jumamosi akatoka mapema kama kawaida yake, shati jeupe, viatu vinang'aa. Alipokata kona ya kwa mama aliona gauni la kijani kwenye ngazi. Mapokezi alikuwa ameshakaa hapo, amemshinda kwa kuwahi.