Sahani Nyeupe Kwenye Bwawa la Paskali

Klara alikuwa na vita na uchafu. Jua likichomoza tu, ua wake umeshafagiwa. Majirani zake, huko milimani juu ya Mlola, walimtania. Walisema hata kuku wa Klara hupangusa miguu kabla ya kuingia ndani.

Mumewe, Paskali, alikuwa na bwawa. Lilikuwa bwawa la kijiji kizima, lakini yeye aliliita "ziwa langu". Mwaka wa Azimio la Arusha wanakijiji waliziba kijito kwa mawe na udongo. Paskali akashuka mpaka Korogwe, akarudi na samaki wadogo aina ya perege ndani ya debe, kichwani. Kila alipofika kwenye kijito aliwabadilishia maji. Tangu hapo kila Jumamosi watoto wa kijiji walikula samaki.

Miaka saba ikapita. Masika ya mwaka ule maji ya bwawa yakawa mekundu kama udongo wa shambani. Baadaye yakawa ya kijani, mazito kama mlenda. Asubuhi perege walipanda juu, vinywa wazi. Kisha wakaanza kufa.

Maneno hayakukawia. "Paskali amezeeka. Amelala, na samaki wanakufa," watu walisema. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Ramadhani, akaitisha mkutano wa Jumamosi. Shauri lilikuwa moja: kulikausha bwawa na kupanda kabichi.

Paskali akasusa chakula. Alimega tonge la ugali, akalirudisha sahanini.

"Kula, baba Nikodemo," Klara alimbembeleza.

"Mke wangu, wale samaki niliwabeba kichwani."

Klara akakifunika chakula. Alimpenda sana mzee huyu, na moyo ulimuuma.

Jumatano akaja msichana amevaa mabuti ya mpira. Paskali alikuwa amejilaza ndani. Klara akampokea peke yake.

"Shikamoo, mama. Naitwa Mwanaidi. Natoka Chuo Kikuu. Nachunguza maziwa na mabwawa ya huku milimani."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Letu limeoza hilo, utachunguza nini?"

Mwanaidi akacheka. Akatoa sahani nyeupe ya bati, imefungiwa jiwe chini. Ilikuwa na kamba yenye mafundo, moja kila shubiri. Wakasimama kwenye ubao uliotokeza juu ya maji. Mwanaidi akaiteremsha sahani polepole.

"Niambie ikipotea machoni, mama."

"Imepotea!"

"Fundo la kwanza tu," Mwanaidi alisema, akaandika. "Maji yangekuwa mazima, tungeiona mpaka la sita au la saba. Mama, samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Huu ukijani ni mimea midogo mno. Inashiba rutuba ya udongo wa mashamba. Ikizidi, usiku inamaliza hewa. Ikifa na kuoza, ndiyo kabisa. Basi alfajiri samaki wanapanda juu kutafuta pumzi."

"Na udongo unaingiaje? Mvua si zilikuwepo miaka yote?"

Mwanaidi akatazama ukingo. Ulikuwa umepaliliwa, hauna hata unyasi mmoja. Maharage yalipandwa mpaka majini.

"Hapa pembeni hapakuwa na matete?"

Klara alihisi uso unawaka moto. Matete yalikuwepo, tena mengi. Kabla ya masika walitarajiwa wageni kutoka wilayani. Klara akawaongoza akina mama kwa majembe na mafagio. Wakalipalilia bwawa kama ua. Wageni walisifu mno. Klara akapigiwa makofi.

Mwanaidi hakumlaumu. Alimwaga ndoo ya maji kwenye udongo mtupu. Yakafika chini mekundu. Akamwaga nyingine penye nyasi nene, kando ya njia. Yakachuruzika taratibu, karibu meupe.

"Matete ni chujio, mama. Tena vifaranga vya perege hujificha humo."

"Uje useme hivyo mkutanoni, mwanangu! Mume wangu anasingiziwa."

"Jumamosi nitakuwa Rangwi, kisha Mgwashi. Wananisubiri. Lakini nakuachia sahani hii. Sema ulichokiona kwa macho yako."

Siku tatu hizo Klara alifagia ua mpaka vumbi likaisha. Angenyamaza, nani angejua? Watu wangeendelea kumsifu yeye kwa usafi, na kumsema mumewe kwa uzembe. Akajiambia: mficha uchi hazai.

Jumamosi, Ramadhani hajamaliza hata salamu, Klara akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, Paskali hana kosa. Bwawa nimeliharibu mimi, kwa fagio langu."

Watu wakaguna. Paskali akageuka, akamkodolea macho.

Klara hakungoja. Akawapeleka ukingoni na ndoo mbili. Akamwaga ya kwanza, akamwaga ya pili. Akateremsha sahani, kila mtu akaona inavyopotea. Akaeleza yote.

"Turudishe matete," alimaliza. "Na maharage yarudi nyuma hatua kumi. Hapo katikati tuache nyasi."

"Ala!" Ramadhani alifoka. "Si yaleyale ya mkoloni? Alitulazimisha kuchimba matuta ya kuzuia udongo, tukayakataa. Leo unatuletea hatua kumi!"

"Mkoloni alikuamrisha, hakukuonyesha," Klara alijibu. "Mimi nimekuonyesha. Na ndoo hizo hapo, mwaga mwenyewe."

Ramadhani akamwaga mwenyewe. Akainama, akayatazama maji kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Haya. Tungoje mwaka mmoja. Kabichi haikimbii."

Njiani Paskali alitangulia kwa haraka. Klara alitembea nyuma yake, roho mkononi. Walipofika mlangoni mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Nikodemo, umesimama mbele ya kijiji kizima kwa ajili yangu? Hebu nipe ugali!"

Wakapanda matete upya, mashina waliyoyatoa bondeni. Wakasogeza maharage, wakaacha nyasi zijiotee. Kila Jumamosi Paskali aliteremsha sahani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo Klara ndiye aliyetazama. Ndiye pia aliyeandika, kwa herufi alizojifunza kwenye darasa la watu wazima. Mwezi wa kwanza, fundo moja. Baada ya vuli, matatu. Masika yakaja tena na mvua kubwa. Maji yakashuka mlimani mekundu, yakaingia kwenye nyasi, yakapenya kwenye matete. Perege hawakufa.

Baada ya masika hayo wakasimama tena kwenye ubao. Matete yalikuwa yamempita Paskali urefu. Yaliangusha majani makavu kila mahali, na Klara hakuyagusa. Paskali akaiachia kamba.

"Umeipoteza?"

"Bado naiona."

Akaachia zaidi. "Sasa?"

"Naiona. Kuna perege anaizunguka. Mnene huyo!"

"Fundo la ngapi hili?"

Klara akatazama mkono wa mumewe. Hakikubaki kitu ila ncha.

"Kamba imekwisha, baba Nikodemo. Na mimi bado naiona."

Paskali akafuta macho kwa kiganja. Klara akafungua daftari lake, akaandika polepole: *Kamba imekwisha.*