Shikamoo ya Ndani ya Tangi

Tangi lilikuwa limepoa siku tisa, lakini sakafu yake ilikuwa na joto mahali pawili. Pawili tu, jirani jirani, na kila pahali pana ukubwa wa unyayo wa mtu mzima.

Editha alipapasa kwa kiganja, akatoa mkono, akapapasa tena. Akajiambia ni jua la Ikungi. Lakini tangi lilikuwa chini ya paa, na jua la saa tatu asubuhi halina kiherehere hicho.

Hakuwa mwoga. Kazi yake ilikuwa kupima wagonjwa wasiosema: matangi, mabomba, shafti za mashine. Hakati, hatoboi, havunji. Anapaka chuma ute wa kulainisha, anaweka juu yake kichwa cha kipimo, anatuma sauti ambayo sikio la binadamu haliipati. Sauti inakwenda mpaka upande wa pili wa chuma na kurudi, na kwenye kioo kidogo panachorwa milima. Chuma kikiwa kizima, milima ni miwili, wa kwenda na wa kurudi. Ukiota wa tatu katikati, ujue kuna ufa umejificha tumboni. Watu wa Utemini, alikokuwa akiishi, walimwita daktari wa vyuma. Wengine, hasa wanawake wenzake wenye midomo, walisema ndiyo maana hajaolewa na miaka thelathini na sita imempita: mwanamume gani atalala karibu na mtu anayeona nyufa zote?

Tangi lenyewe lilikuwa la mvuke, kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Refu kama chumba, limelala ubavu, lina tundu moja tu la kuingilia, linalofikiwa kwa ngazi fupi na kupitisha mabega ukiyakunja. Ndani husimami, unakaa au unatambaa. Mwenye kiwanda, Mzee Hosea, alilinunua likiwa kuukuu, na alitaka karatasi ya kusema ni zima kabla msimu haujaanza. Sheria ya kazi hiyo ni moja: aliye ndani awe na mtu wa mlangoni. Mtu wa mlangoni alikuwa Paschal, fundi wa kuchomelea, ila saa nne msimamizi akamtuma sokoni kufuata bolti. Na siku hiyo ilikuwa ya mnada. Mnadani nani amewahi kwenda na kurudi upesi?

Basi Editha alikuwa peke yake alipouona mlima wa tatu, karibu na mshono wa chini, pale pale penye joto. Akasugua kwa brashi ya waya, akapulizia rangi nyekundu, akaiacha izame, akafuta, kisha akapulizia unga mweupe. Hapo ufa hauna tena pa kujificha: rangi iliyoingia ndani yake hupanda juu ya weupe na kuchora mstari kama uzi wa damu.

Mstari ulitokea. Ukatokea wa pili. Ilipotimia mitano, minne mirefu na mmoja mfupi pembeni, Editha alikuwa amekaa kitako akiitazama, na nyayo zake, bila yeye kufikiri, zilikuwa zimekanyaga zile sehemu mbili za joto.

Ikaja harufu. Harufu ya miguu iliyotoka kutembea kwenye tope, wakati Singida nzima haijaona mvua tangu mwezi wa nne.

"Shikamoo."

Sauti ilikuwa ya mzee. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya adabu, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya babu aliyekaa siku nyingi bila mtu wa kuzungumza naye. Ilitoka kwenye chuma, ikampandia kupitia unyayo. Sasa jamani, mtoto aliyelelewa na bibi, bibi mwenyewe wa kufinya mdomo kwa kila salamu iliyoachwa ianguke, angefanya nini? Salamu haipitii akilini kwanza.

"Marahaba," akasema Editha.

Ndipo akajiuliza: mzee gani huyo wa kunipa mimi shikamoo?

Akataka kuinuka. Miguu haikuja.

Hakuona kitu. Vifundo vyake vilikuwa pale ndani ya viatu vya kazi, na juu yake hapakuwa na mkono wowote, ila vidole alivihisi, vinne mbele na kimoja nyuma, kila mguu. Akafungua kamba za viatu ili achomoke aviache, na vidole vikahama kutoka kwenye ngozi ya kiatu kuja kwenye ngozi yake, taratibu, bila haraka, kama mtu anayebadilisha mkono ili asichoke. Akapiga kelele. Nje mashine za kukamulia zilikuwa zikijaribiwa kwa kishindo, na kelele yake haikutoka. Ilizunguka ndani ya chuma, ikamrudia, ikazunguka tena, kila ikirudi imezeeka zaidi, mpaka ile ya mwisho haikuwa tena sauti ya mwanamke.

Hakujua amekaa hivyo muda gani uso ulipoziba tundu. Alikuwa Felista, mama anayewapikia wafanyakazi.

"Dada Editha! Chai inapoa huku. Chapati nimekuwekea mbili, usiwaambie wale wachoyo."

Editha akajaribu tena kuvuta mguu mmoja.

"Eti leo hata salamu hakuna? Au ndiyo usomi huo?"

"Mama," Editha akanong'ona, "siwezi kutoka. Kuna kitu kimenishika miguu."

Uso ukaondoka tunduni upesi kama umechomwa. Kisha sauti ya Felista ikaja kutoka ubavuni, chini chini.

"Kimekuamkia?"

"Kimeniamkia."

"Ukaitika?"

"Nimeitika."

"Yesu wangu." Felista akavuta pumzi. "Sema polepole, kinasikia. Unamkumbuka Calist?"

"Yule aliyefariki baada ya Pasaka? Nilisikia tu."

"Huyo huyo. Aliyeingia humo kwanza ni Amosi, kusugua kutu. Akaamkiwa na babu asiyemwona, akaitika, akanaswa kama wewe. Calist akaja kumchungulia hapa tunduni. Akaamkiwa naye. Akaitika, maana Calist alikuwa mtoto wa watu. Pale pale Amosi akaachiwa, akakimbia mpaka kwao Sepuka, hata ndoo yake hajaifuata mpaka leo. Calist, kwa kuwa miguu yake ilikuwa huku nje, kikatoka naye. Hakutembea tena. Na siku ya kumzika, waliobeba jeneza upande wa miguu walipokezana mara tano, na marehemu mwenyewe alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi."

"Halafu?"

"Halafu kikarudi kwenye chuma chake. Kwani hapo kiko wapi?" Felista akasogeza mdomo karibu na tundu, uso ameuficha. "Shikamoo ni nini, mwanangu? Si nashika miguu? Sisi tunasema kwa mdomo yanaisha. Mwenzetu akishasema, anashika. Na akiitikiwa na mwingine ndipo anakuachia."

"Mama, nivute."

"Nikikuvuta utakuja wewe, miguu sijui. Na uso huu nikiuingiza humo kitaniamkia, nami nimezoea kuitika tangu nizae mtoto wa kwanza. Nakwenda kumwita Mwalimu Idrissa wa msikitini. Mimi Mlutheri, lakini kila ugonjwa una mganga wake. Usiongee nacho. Usikijibu hata kikikohoa."

Kandambili zake zikasikika zikikimbia, kisha mashine zikazimeza.

Editha akabaki na lile duara la mwanga lililokuwa likisogea ukutani kidole kwa kidole, na ile harufu ya tope, na vile vidole ambavyo havikukaza wala kulegea bali vilipanda, kutoka kifundoni kwenda kwenye muundi, na kila vilipopita palikuwa pazito na pa baridi, na alipojifinya hapo hakusikia maumivu. Na kwa kuwa mtu akiogopa hushika kile anachokijua, akachukua kichwa cha kipimo, akapaka ute juu ya mguu wake mwenyewe, akakiweka, akijua kabisa kwamba nyama haichori kama chuma, akatazama kioo akiomba kisichore kitu, na kioo kikachora milima miwili iliyosimama wima kama ya bamba jipya la chuma, halafu katikati yake, polepole, kikaotesha wa tatu.

"Mama yangu," akasema kwa midomo bila sauti.

Mwanga ukakatika. Uso mwingine tunduni.

Alikuwa Gervas, msimamizi, yule aliyemtuma Paschal bolti. Umri wake miaka ishirini na saba, mtoto wa dada yake Mzee Hosea, na alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana Ikungi yote: alipenda shikamoo. Wanawake wa kupepeta alizeti, wengine wana wajukuu, walimwamkia asubuhi kwa sababu ndiye aliyesema nani arudi kesho kazini. Naye aliziitikia zote, mikono mfukoni, bila hata kupepesa jicho. Felista alishawahi kusema kwamba akijumlisha shikamoo alizokula yule kijana, angekuwa na umri wa mlima.

"Wewe dada, umelala humo? Saa nane nafungulia mvuke. Sema zima au bovu tujue moja."

Editha akahisi vidole vimetulia. Vilitulia kama mtu anayetulia anaposikia wageni uani.

Maneno yalikuwa mawili tu. Gervas, usiitike. Yalikuwa tayari ulimini. Aliyaonja.

"Shikamoo," ikasema ile sauti, kwa unyenyekevu mkubwa.

Gervas akashtuka kidogo, kisha uso wake ukachanua kama alizeti yenyewe. "Nani huyo? Umeingiza mzee humo?"

Alikuwa ameuliza. Alikuwa akimtazama Editha machoni, akisubiri jibu. Nafasi ilikuwa pana ya kutosha kupitisha punda na mzigo wake. Editha akafikiria jeneza la Calist, wabebaji wakipokezana, upande wa miguu ukivutwa na ardhi kabla kaburi halijafikiwa. Akaufikiria muundi wake.

Akafunga mdomo.

"Marahaba, mzee," akasema Gervas kwa raha. "Hujambo?"

Vidole vikaachia vyote kwa mara moja. Damu ikashuka miguuni mwa Editha ikiwaka kama upupu, na papo hapo nje kukasikika kitu kikianguka kutoka kwenye ngazi, kishindo cha chuma juu ya zege. Akatambaa. Mabega yakakwama tunduni, akayakunja, ngozi ikabaki, akatoka. Gervas alikuwa amekaa chini akiitazama miguu yake kama mtu anayetazama ya jirani.

"Dada," akasema, "mbona haiji?"

Felista alifika na Mwalimu Idrissa, wote wameshika viuno kwa kukimbia. Mwalimu alimsomea Gervas mpaka alasiri. Alisoma akatokwa jasho, akamwagia maji, akakikemea kile kitu kwa Kiarabu na kwa Kinyaturu. Mwisho akakaa juu ya gunia la mashudu.

"Kikimshika mtu kwa hila, hutoka," akasema. "Huyu alikipokea kwa moyo mweupe. Alifurahi. Sina pa kuanzia."

Felista akamgeukia Editha. "Wewe ulikuwa humo. Hukukisikia kinamwamkia?"

"Nilikuwa nimezimia, mama."

Felista akamtazama. Akayatazama macho, akautazama mdomo. "Haya," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Tangi lilipopimwa tena, kutoka nje, halikuwa na mlima wa tatu. Editha aliandika kwamba ni zima, na hakudanganya. Ufa ulikuwa umehamia kwingine.

Wiki tano alikaa bila kwenda kumwona mgonjwa, ingawa Gervas alikuwa amelazwa kwa mama yake, Sara, huko huko Utemini, mitaa miwili tu kutoka kwake. Watu wakaanza kuuliza, maana Utemini mtu asiyekwenda kumpa pole mgonjwa huulizwa. Jumapili baada ya ibada akafunga kanga, akabeba sukari, akaenda.

Uani palijaa. Wanawake wa kupepeta alizeti walikuwa wamekuja kwa pamoja, na Gervas, amelazwa juu ya mkeka, blanketi limefunika miguu isiyotikisika, alikuwa akiwaamkia mmoja mmoja. Shikamoo mama. Shikamoo bibi. Walikuwa wakimwitikia huku wakifuta machozi, na kila mmoja aliinuka salama na miguu yake. Editha alitulia moyo alipoliona hilo. Akasogea. Akaketi ukingoni mwa mkeka.

Gervas akageuza kichwa. Macho yake yalikuwa yamezama, na kutoka chini ya blanketi ilipanda harufu ya tope.

"Shikamoo, dada Editha."

Ilikuwa sauti ya Gervas, karibu yote. Midomo ilisogea, au ilionekana kusogea. Ila mwishoni mwa neno palikuwa na mkwaruzo, mdogo tu, ambao aliyewahi kukaa ndani ya chuma ndiye angeujua. Mama yake Gervas alisimama na sinia la chai, akisubiri. Ni kijana mgonjwa anayemwamkia mkubwa wake kwa miaka tisa, na jibu lake ni neno moja ambalo hata mtoto analo. Mlango wa uani ulikuwa nyuma ya watu kumi na wawili, na wote walikuwa wakimtazama mdomoni.

Editha akavuta miguu yake chini ya kanga.

"Dada," akasema tena yule aliyelala pale, kwa upole, "nimekuamkia. Au na leo utanyamaza?"