Breki Zilizopakwa Samli

Kila asubuhi, kabla ya chai, Masalu alilizunguka gari lake. Alipiga teke tairi moja moja. Alifuta kioo. Alisimama mbele yake kidogo, akalitazama. Baba yake alikuwa akizunguka zizi la ng'ombe vilevile, huko Usukumani, kabla familia haijahamia bonde la Kilombero na mifugo yake.

Masalu aliuza ng'ombe kumi na wawili, akanunua pikapu nyeupe iliyokwishatumika. Sasa aliishi Viwanja Sitini, pale Ifakara, na kazi yake ilikuwa kubeba mpunga wa watu kupeleka mashineni. Majirani walimwita Mzee Pikapu. Alijidai kukasirika, lakini moyoni alilipenda jina hilo.

Siku ya Ijumaa alikwenda gereji kuchukua gari. Fundi wake alikuwa Eveline, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari tayari?"

"Tayari. Nimefunga pedi mpya za breki za mbele. Sasa nisikilize, baba. Pedi mpya bado hazijashikana vizuri na diski. Kwa kilomita mia tatu za mwanzo usibebe mzigo mzito. Kanyaga breki mapema, tena polepole. Zikilia wiki mbili za mwanzo, ziache zilie."

"Nimekusikia."

"Na ukifika mteremkoni usiweke gia huru. Ingia gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Injini nayo ni breki."

"Nimekusikia, mwanangu, nimekusikia!"

Hakusikia kitu. Alikuwa anapapasa mifuko akitafuta ufunguo. Isitoshe, moyoni alijiuliza, binti huyu anifundishe mimi kuendesha? Mimi niliyeswaga ng'ombe mia mbili kutoka Shinyanga kwa miguu? Ndivyo alivyo Masalu. Masikio anayo mawili, ila hufunguka kwa zamu.

Jumamosi alfajiri Masalu na mkewe Merina walisafiri kwenda Uchindile. Huko aliishi binti yao Rosemery, aliyeolewa na kijana wa mashamba ya miti. Rosemery alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Kwa hiyo mganga wa zahanati alimwambia asisubiri uchungu kijijini. Akae karibu na hospitali ya Ifakara mpaka siku yake ifike. Baba yake ndiye aliyejitolea kumfuata.

Merina alipakata kopo la samli safari nzima.

"Ya uji wa mzazi," alisema. "Mtu akiigusa, atanitambua."

Njiani breki zililia. Kila Masalu alipokanyaga, magurudumu ya mbele yalipiga kelele, kwiii! Pale Mlimba, mji wa njiani, watu waligeuka. Uchindile watoto walikimbia nyuma ya gari wakiiga sauti ile, kwiii, kwiii, na kuangua kicheko. Masalu aliona aibu. Gari lake, fahari yake, linalia hadharani!

Walilala kwa binti yao. Asubuhi Masalu aliwahi kuamka. Alikumbuka mkokoteni wa baba yake. Ekseli ya mkokoteni ikilia, baba alichota mafuta ya ng'ombe, akapaka, kelele ikakoma. Kinacholia kinataka mafuta. Hilo alilijua tangu utoto.

Akaingia ndani, akachukua kopo la samli.

"We Baba Rose!" Merina alimfuata mbiombio. "Samli ya mzazi hiyo, unaipeleka wapi?"

"Kidogo tu, mama. Haitaisha."

Alifunga kitambaa kwenye kijiti, akachovya samli, akapitisha kijiti kwenye matundu ya rimu. Alipaka diski ya kulia. Alipaka ya kushoto. Alipaka vizuri, bila haraka, kama mtu anayetibu kidonda.

Rosemery alitoka ndani akiwa ameshika kiuno.

"Baba, fundi amesema upake?"

"Fundi kitu gani! Mkokoteni nimeupaka mafuta kabla fundi wako hajazaliwa."

Mkwe wake akaleta magunia manne ya mahindi, zawadi ya kwenda nayo Ifakara. Masalu alikumbuka kwa mbali kwamba kuna neno aliambiwa juu ya mzigo. Lakini zawadi ya mkwe unaikataaje? Yakapakiwa yote manne.

Rosemery alimwacha mtoto wake mkubwa kwa mumewe, akakaa katikati, mama yake akakaa dirishani. Barabara ya kutoka kijijini ilianza kwa kupanda. Masalu hakuhitaji breki hata mara moja. Alipofika juu alicheka.

"Mnasikia? Kimya! Samli ya mama ni dawa."

Mbele yao barabara iliinama, ndefu, nyekundu, yenye changarawe, ikikata katikati ya misitu ya misonobari. Kulia kulikuwa na ngema ya udongo. Kushoto kulikuwa na bonde. Masalu alitia gia huru, kama alivyozoea, ili kuokoa mafuta. Gari likaanza kujiendea lenyewe.

Lilikwenda taratibu, kisha likachangamka. Mbele kulikuwa na kona. Masalu alikanyaga breki.

Pedeli ilikuwa ngumu kama kawaida. Lakini gari halikupunguza mwendo.

Alikanyaga tena, kwa nguvu zote. Gari lilizidi kukimbia. Huko nyuma magunia yalisogea, yakagonga bodi.

"Baba Rose, punguza," alisema Merina.

Masalu alikanyaga mara ya tatu.

"Baba Rose, punguza! Mtoto yumo humu!"

"Hazishiki!" Masalu alipaza sauti. "Breki hazishiki!"

Kona ikafika. Aliikata huku matairi yakiparuza changarawe. Upande wa kushoto aliona vilele vya miti, chini kabisa. Rosemery alikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema tu, "Baba. Baba. Baba."

Sauti hiyo ilimchoma Masalu kuliko hofu yenyewe. Mwanangu namuua kwa mikono yangu, aliwaza. Nimempakia mwenyewe, namuua mwenyewe. Mkono wake ulikimbilia ufunguo ili azime gari. Na hapo, sijui ni Mungu au ni nini, maneno ya Eveline yakamrudia, yale yale aliyodhani hakuyasikia. Injini nayo ni breki.

Aliuacha ufunguo. Alikanyaga klachi, akatia moto kidogo, akasukuma gia ya tatu. Ilikwaruza, ikakataa. Alisukuma tena. Ikaingia. Alipoachia klachi injini ilinguruma na wote watatu wakarushwa mbele. Mwendo ulipungua kidogo, haukutosha. Akasubiri. Akaingiza gia ya pili. Injini ilipiga mayowe, gari likatetemeka, lakini likawa kama limeshikwa mkia.

Kisha akavuta handibreki. Hakuivuta kwa pupa. Alibonyeza kitufe chake kwa kidole, akavuta kidogo, akaachia kidogo, akavuta tena. Magurudumu ya nyuma yalianza kushika.

"Jishikeni!" alisema. "Naliegemeza!"

Akalisogeza gari kulia, taratibu, likaanza kuukwangua ukingo wa udongo. Kioo cha pembeni kilikatika. Mlango ulilalamika. Udongo ulimwagika juu ya boneti. Gari likaburuzika, likaburuzika, likasimama.

Merina alifungua mlango wa kushoto, akateremka, akakaa chini barabarani.

"Rose," Masalu aliuliza, "mtoto?"

Rosemery aliweka kiganja juu ya tumbo, akasubiri. Masalu naye akasubiri, na katika maisha yake hajawahi kusubiri kitu namna ile.

"Anacheza," alisema Rosemery. Ndipo machozi yakamtoka.

Mvuke ulianza kutoka mbele ya gari. Masalu, ambaye akili yake ilikuwa bado haijatulia, alichukua kitambaa akaenda kufungua mfuniko wa rejeta. Wakati huohuo gari la mashamba ya miti lilikuja kutoka juu, likasimama nyuma yao. Dereva wake, Osward, aliruka chini.

"Mzee! Acha huo mfuniko! Maji yanachemka humo, yatakurukia usoni. Zima injini, ikae nusu saa ipoe, ndipo ufungue."

Masalu alirudisha mkono wake. Leo alikuwa amefundishika.

Osward aliweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya pikapu, kisha akawachukua Merina na Rosemery mpaka Mlimba wapate usafiri wa Ifakara. Masalu alibaki na gari. Alimpigia Eveline simu, akamweleza alipo na kwamba breki hazishiki, kisha akaongeza neno moja tu: "Njoo."

Eveline alifika kesho yake mchana kwa bodaboda kutoka Mlimba, begi la spana na vipuri mgongoni. Alifungua gurudumu la mbele. Alipitisha kidole kwenye diski, akakitazama.

"Mafuta haya yametoka wapi, mzee?"

"Labda yamevuja," alisema Masalu. "Magari ya zamani, unajua tena."

Eveline alinusa kidole. Akanusa tena.

"Gari lako linavuja maziwa?"

Njia ya mwongo ni fupi. Masalu alivua kofia, akaishika mikononi.

"Ni samli," alisema. "Nimepaka mimi. Zilikuwa zinalia, watoto wakanicheka. Nikafikiri ni kama mkokoteni."

Eveline hakucheka. Alichuchumaa mbele ya gurudumu, akamwita karibu.

"Baba, ekseli ya mkokoteni inatakiwa iteleze. Ndiyo maana unaipaka mafuta. Breki kazi yake ni kukataa kuteleza. Pedi inaibana diski hii, msuguano ndio unaosimamisha gari. Ukiweka mafuta, umeondoa msuguano. Iwe samli, iwe oili, iwe grisi, ni mamoja. Hizi pedi zimekwisha kunywa mafuta, hazifai tena hata zikioshwa."

"Na kelele ile?"

"Mpya hulia kidogo. Ikizidi wiki hizo mbili, au ukisikia chuma kinasaga chuma, unaleta gereji. Hujitibu mwenyewe."

Alizitupa pedi za zamani kwenye begi. Aliosha diski kwa dawa ya kusafishia breki, akazikausha, akafunga pedi nyingine mpya. Alikagua mafuta ya breki kwenye kichupa chake, akajaza maji ya rejeta. Magunia ya mahindi wakayashusha, wakayaacha kwa mlinzi wa mashamba.

"Sasa tunashuka," alisema Eveline. "Gia ya kwanza tangu hapa. Injini ikinguruma usiogope, si ugonjwa huo, inakushikia gari. Gia huru mteremkoni ni kujitoa mhanga kwa ajili ya kikombe cha dizeli. Na usizime injini gari likiwa linakwenda. Breki zitakuwa nzito mno, usukani nao unaweza kujifunga."

Masalu alikumbuka mkono wake ulivyokimbilia ufunguo. Akauweka mkono huo kwenye gia.

Chini, penye barabara tambarare isiyo na watu, Eveline alimwambia aende mwendo wa hamsini.

"Sasa kanyaga polepole mpaka ufike kumi. Usisimame kabisa. Achia. Endesha kidogo zipoe. Rudia."

"Mara ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini! Fundi, tutafika Ifakara mwezi ujao!"

"Pedi inaachia utando mwembamba kwenye diski, sawasawa kila mahali. Ukiibana kwa nguvu ikiwa mpya, inapata moto, uso wake unakuwa kama kioo. Kisha haishiki."

Masalu alirudia mara moja, mara tano, mara tisa. Ilipofika ya kumi alianza kutikisa kichwa.

"Ni maksai!" alisema.

"Nini?"

"Maksai mgeni. Siku ya kwanza humfungi jembe ukampeleka shamba zima. Ukifanya hivyo umemharibu, atagoma maisha yake yote. Unamfunga gogo dogo. Anavuta, anapumzika. Anavuta, anapumzika. Mwezi mzima. Fundi, kumbe ulikuwa unaniambia habari ya maksai!"

"Sasa nani anamfundisha mwenzake?" Eveline alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Ila, mzee, akitokea mtoto barabarani, hayo ya polepole sahau. Kanyaga kwa nguvu zote."

"Wabeja, mwanangu," alisema Masalu. "Asante. Safari hii nimesikia kweli."

Siku tisa baadaye Rosemery alijifungua salama, mtoto wa kike. Masalu alikwenda kuwachukua hospitali. Asubuhi hiyo alilizunguka gari kama kawaida, lakini hakuishia kupiga teke matairi. Alilisimamisha mahali pa sawa, injini ikiwa imezimwa na ya baridi, akapima oili kwa kijiti chake, akatazama maji ya rejeta na mafuta ya breki. Chai ikapoa mezani.

Mbele ya lango la hospitali alianza kukanyaga mapema, taratibu. Breki zikalia. Kwiii! Watu wa bajaji wakageuka wote. Mmoja akaiga.

Rosemery alipanda na kichanga chake. Merina alipanda na kopo la samli, akalishika kwa mikono miwili, macho kwa mumewe.

"Baba Rose, zinalia."

"Ziache zilie," alisema Masalu. Akaingiza gia ya kwanza, akaondoka polepole.