Jina Ambalo Ashrafu Hakuliandika

Walikutana stendi ya Ikwiriri mwaka 2004, Ashrafu alipotua katoni ya kompyuta juu ya kiroba cha ufuta cha mwanamke asiyemjua.

"Kaka, hiyo televisheni yako itanilipa ufuta wangu?"

"Si televisheni, dada. Ni kompyuta."

"Basi itoe kwa adabu!"

Alivaa gauni la kitenge cha bluu na mtandio mweupe, na macho yake yalicheka kabla ya mdomo. Ashrafu akawa hana lake.

Kesho yake akamkuta ofisini. Ilikuwa ofisi ya kampuni ya kununua ufuta, iliyomwita Ashrafu kutoka Dar apime ukubwa wa kazi ya mfumo mpya na kupanga watu wa kuifanya. Kila ombi, liwe la gari bovu, likizo au mzani, lingepitia kwenye kompyuta. Kwa miaka sita maombi hayo yalipitia kwa Nasra, yule yule wa kiroba. Wakulima wa Mbwara wakija kulalamika kwa Kimatumbi, yeye ndiye aliyewatafsiria. Wiki tatu alimweleza Ashrafu kila hatua, na jioni simu zikafuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwongo wa Dar wewe!"

Ashrafu alipofika sehemu ya watumishi katika ripoti yake, mradi ulihitaji watatu. Nasra ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza, na Ashrafu alilijua hilo vizuri sana. Lakini aliogopa watu watasema kampa hawara wake kazi. Akaandika mafundi watatu wa Dar, Nasra akamwacha nje.

Kwa kuwa kazi yake ilihamia kwenye kompyuta na jina lake halimo, Ijumaa Nasra akapewa barua ya kuachishwa kazi. Akampigia.

"Wiki tatu ulikuwa unanipenda, au unanichota ujuzi tu?"

"Nasra, nisikilize..."

Simu ikakatwa.

Jumatatu Ashrafu akakiri kwa meneja, Bwana Miraji, kwamba ripoti ina kosa na kosa ni woga wake. Miraji akaichana nakala ya ile barua ya Nasra, akamwambia Ashrafu pia kwamba kampuni haitamwita tena.

Ashrafu akamfuata Nasra nyumbani.

"Kazi nimerudishiwa," Nasra alisema. "Ilikuwa yangu."

"Nisamehe. Nataka kukuoa."

"Baba yuko Chumbi. Usitume mshenga, nenda mwenyewe. Na kabla hujataja posa, mweleze ulichonifanyia."

"Akinifukuza?"

"Atakuwa na haki. Mimi mwenyewe bado sijaamua kukutetea."

Ashrafu akaenda stendi, akaulizia gari la Chumbi.