Mbwa wa Marehemu Yuko Nje

"Lusia, mbwa wako yuko nje."

"Haiwezekani! Nimemfunga kwenye mpera."

"Basi kamba imekatika," alisema Cletus. "Njoo uone mwenyewe."

Lusia akachungulia dirishani, katika kile kiofisi cha mashine ya kukoboa mpunga. Mbwa wake, Hayawahusu, alikuwa amejilaza mlangoni, ulimi nje, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Wanawake waliokuja na magunia yao walimtazama mbwa, wakatazamana, wakacheka. Soko zima la Majimoto lilishajua: mbwa wa marehemu Gelasius akilala mlangoni kwa mtu, mjane yuko ndani.

Jina la Hayawahusu alipewa na Gelasius mwenyewe, kuwasema majirani wenye midomo. Sasa Gelasius yuko kaburini, na majirani hawajawahi kupata mtangazaji mzuri kama huyo mbwa. Kisimani yupo. Shambani yupo. Kanisani anamsubiri nje mpaka misa iishe. Lusia akisonga ugali, nusu wake, nusu wa mbwa. Akilia, mbwa anamwekea kichwa mapajani. Alimpenda, na alikuwa amemchoka.

"Ngoja niondoke, Cletus, kabla shemeji hajasikia."

Cletus, mwenye mashine, akamshika mkono.

"Mpaka lini, Lusia?"

Lusia alitoka kichwa chini, mbwa nyuma yake, mkia juu.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Natalia, anapepeta mchele. Pembeni alikaa Gervas, mdogo wa marehemu.

"Umetoka wapi, mkamwana?"

"Mashineni, mama."

"Mpunga wenyewe uko wapi?"

Gervas akacheka.

"Mama, usijisumbue. Muulize mbwa. Kaka hajaondoka hapa, anamlinda mke wake." Akamgeukia Lusia. "Shemeji, Jumapili baada ya misa ukoo unakaa. Nakurithi. Ndiyo mila yetu."

"Una mke, shemeji."

"Na wewe unakaa kwenye nyumba ya kaka. Kama hutaki, unajua njia ya kwenu."

Kwao wazazi walishafariki, na Gervas alilijua hilo vizuri. Lusia akaingia ndani, akakaa kitandani. Akitoka anaonekana, akibaki anarithiwa. Alijiona kama kuku aliyefungwa miguu akisubiri mteja.

Kesho yake alipoamka, Hayawahusu hakuwepo. Akaita, akazunguka mpaka kwenye majaruba ya mpunga, akaita tena. Simu ikalia. Ujumbe wa Cletus:

"Mpz usimtafute. Alfajiri nilimvuta kwa utumbo wa mbuzi, nimempeleka Kasansa kwa rafiki yangu Obadia. Anakula vizuri. Sasa uko huru."

Lusia akaenda mashineni. Ni kweli, hakuna aliyegeuza shingo. Cletus alimpokea akichekelea.

"Umeona? Umepita na hakuna aliyejua! Sasa tutaonana tunavyotaka, bila mtu kujua."

"Bila mtu kujua?"

"Ndiyo, mpenzi. Si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Mimi nilitaka kutoka, Cletus! Wewe umenihamisha chumba tu. Gervas anataka kunifungia kule, wewe unataka kunifungia huku, katikati ya magunia ya pumba."

"Nilifanya kwa kukupenda."

"Na yule mbwa je? Amemzika bwana wake, halafu anakabidhiwa kwa mtu asiyemjua. Nani alimuuliza? Na mimi Gervas ataniuliza?"

Cletus alikuwa mtu mzima mwenye mashine yake, lakini siku hiyo alikosa pa kuweka mikono.

"Nifanyeje, Lusia?"

"Mrudishe. Jumapili, mchana kweupe, mbele ya kikao cha ukoo, kabla Gervas hajanirithi. Umshushe mlangoni kwa mama mkwe, halafu useme unanipenda."

"Gervas atanikata panga!"

"Basi baki na mashine yako."

Jumapili wazee walikaa uani, Natalia akiwa kati yao. Gervas alivaa shati jipya, akakaa kwenye kiti cha mbele kama bwana harusi. Lusia alikuwa kwenye mkeka. Kwa siri akaandika kwenye simu: "Wameanza." Jibu halikuja. Mzee wa ukoo akakohoa, akaanza kueleza jinsi mjane anavyohitaji mtu wa kumtunza. Lusia akatazama barabarani, haikuwa na mtu. Moyo ukamwambia ndiyo basi tena.

Ndipo pikipiki ikaunguruma. Nyuma ya Cletus lilikuwa limefungwa tenga, na ndani ya tenga kulikuwa na fujo. Alipolifungua tu, Hayawahusu aliruka, akapita katikati ya wazee, akamwangukia Lusia mpaka nusura amlaze chini. Lusia alimkumbatia, akalia kwa sauti mbele ya watu wote.

"Shikamooni, wazee," Cletus alisema. "Mbwa huyu nilimwiba mimi. Nilimwiba kwa kuwa niliogopa kuonekana. Mama, leo nimekuja nionekane. Nampenda Lusia. Mkiniruhusu nitaleta washenga, tufunge ndoa kanisani."

Gervas akasimama.

"Unamtukana marehemu nyumbani kwake!"

"Kaa chini, Gervas," alisema Natalia. Akamtazama Lusia. "Umeshamsahau mwanangu?"

"Sijamsahau, mama. Bado namlilia. Hata nikiolewa, nitamlilia hukohuko."

Natalia akamgeukia Cletus.

"Umesikia mwenyewe. Utamweza mwanamke anayemlilia mwingine?"

"Akilia, mama, nitakaa naye mpaka amalize."

Natalia akajifuta uso kwa upindo wa kitenge.

"Gervas."

"Ndiyo, mama."

"Mgeni wetu amesimama. Mpe kiti chako."