Moshi wa Saa Saba Mchana

Mtambo wa kupima hewa ulikuwa palepale ukutani mwa zahanati ya Kinondo, ndani ya kizimba chake cha chuma, kufuli zima. Hata hivyo Maimuna, mtafiti aliyeutundika, alipousoma Jumatatu asubuhi alijua umechezewa. Ulidai kwamba tangu Ramadhani iingie, kijiji hakikuwa na moshi.

Hakikuwa na moshi! Na Swabir, mjukuu wa Bi Mwanapili, alikuwa kitandani akiigombania pumzi. Miaka yote tajiri wa tanuri la chokaa aliyasingizia magari ya watalii kuwa ndiyo chanzo cha moshi. Mwaka huu wa korona hoteli zimefungwa, barabara kimya. Moshi ukibaki, mwongo ni yeye, na tanuri litafungwa. Kamati ya mazingira ilikuwa ikutane kesho yake.

Maimuna alitazama tena. Jioni, kijiji kizima kinapopika futari, mtambo haukuona kitu. Lakini kila siku, saa saba mchana, moshi kidogo ulipanda. Basi mtambo haukuwa kijijini. Ulikaa kwa mtu anayepika mchana wa Ramadhani, kisha ukarudishwa.

Funguo walikuwa nazo wawili tu mbali na yeye: Hesbon, askari kutoka bara aliyepewa likizo zahanati ilipofungwa, na Mzee Amin, mwenyekiti wa zahanati. Kijiji hakikungoja. Hesbon hafungi, basi ni Hesbon. Wengine walishamtaka ahame. Maimuna aliona hasira zikimpanda, akaenda kwake.

"Madam, sisi tunapika na gesi," Hesbon alisema, akimwonyesha mtungi. "Na hapa jioni tunakohoa moshi wa majirani."

Kweli, chumba chake kilizungukwa na majiko ya mahamri. Mtambo ungekaa hapo, ungeuona moshi wa jioni.

Mzee Amin alikuwa mjane, nyumba yake peke yake ufukweni, upepo wa bahari ukiusukuma moshi wote bara. Jioni hakupika, Bi Mwanapili alimpelekea sinia ya futari kila siku. Siku hiyo Maimuna alifuatana naye. Nyuma ya jikoni walikuta jiko la makaa, majivu bado yana moto.

"Shikamoo, Mzee," Maimuna alisema. "Mtambo ulikaa hapa. Nao umeona moshi wa chakula chako cha mchana, na haukuona futari ya mtu yeyote."

Njia ya mwongo ni fupi. Mzee alikana, akataja kisukari, akamtaja Hesbon, mwishowe akaketi kizingitini. Mwanawe Boga ameahidiwa usimamizi wa tanuri, alisema; likifungwa, kijana atabaki barazani. Maimuna alighadhibika. Mtu mzima, mwenye ufunguo wa zahanati, ameuza vifua vya watoto!

Mzee alimgeukia Bi Mwanapili.

"Nisitiri, dada yangu. Watu wasijue kuwa sikufunga."

"Kufunga ni baina yako na Mola wako," Bi Mwanapili alisema. "Mimi nakudai pumzi ya Swabir. Kesho utasema mbele ya kamati, kwa kinywa chako."

Alijitwika sinia yake bila kuifunua. Adhana ya magharibi ilimkuta mlangoni kwa Hesbon, akibisha hodi.