Roboti Imezimwa kwa Mkono

Ujumbe uliingia Msusi akiwa na nywele za mteja mkononi.

"ROBOTI IMEZIMWA KWA MKONO."

Aliusoma, akaurudia. Akaacha kusuka.

"Kuna nini, wifi?" aliuliza dada wa mumewe, aliyekuwa akisuka mteja kwenye kiti cha pili.

"Kaka yako. Aliapa hataigusa, kaigusa."

Wifi akaweka kitana chini. Habari ile aliijua nje ndani. Kaka yake, fundi wa friji, alikuwa akinunua na kuuza fedha za kigeni kwa programu ya kompyuta, na akiba iliyochezewa ilikuwa ya mke na mume. Bei ikipanda, nyumba nzima inacheka. Ikishuka, hakubali kuuza na kufunga biashara. "Itarudi," husema, huku akiusogeza chini mstari wa kukatia hasara, na chini tena, mpaka akiba ikabaki mifupa.

Msusi alichoka kugombana, akaamua kujifunza. Programu ile ilikuwa na ukurasa wa kuandika maagizo, kompyuta ikayatekeleza yenyewe. Hesabu za shule zilimshinda, na kompyuta alizoea kuifuta vumbi tu. Lakini kati ya mteja na mteja alitazama video za mafunzo, akaandika, ikagoma, akafuta, akaandika upya. Wifi aliposikia anajifunza kodi, ndivyo yanavyoitwa maagizo hayo, alimuuliza kama anataka kazi ya kutoza ushuru. Hatimaye maagizo yakakamilika, wakayaita roboti: hasara ikifika pale walipokubaliana, inafunga. Mtu akiizima, Msusi anapata ujumbe.

"Umeniletea polisi ndani ya nyumba," Fundi alisema siku ilipowashwa.

"Nimekuletea breki."

Akaapa.

Sasa Msusi alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, namba inatumika. Akaandika:

"Umezima. Usinidanganye, nimeona."

Jibu likaja: "Njoo nyumbani."

"Nimalizie huyu mteja," alimwambia wifi, akivua aproni.

"Usiende na moto. Msikilize kwanza."

"Nimemsikiliza miaka yote hii, wifi. Masikio yamejaa."

Mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, hakuthubutu kuuliza kitu.

Nyumbani alimkuta Fundi mbele ya kompyuta, mikono katikati ya magoti, shati limelowa mgongoni.

"Uliniapia nini wewe?"

"Keti kwanza."

"Siketi. Leo nikitoka hapa sirudi. Niambie ukweli tu: ulisema itarudi?"

"Sikusema."

"Basi kwa nini umezima?"

"Ilikuwa inanunua."

"Ile inafunga, hainunui. Nimeiandika mwenyewe."

"Tazama."

Akainama. Kwenye kioo palikuwa na manunuzi juu ya manunuzi, huku bei inaporomoka. Chini yake, yote yamefungwa. Kwa mkono. Yote kwa hasara.

Alifungua ukurasa wa maagizo, akaenda kwenye sehemu aliyoirekebisha asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa haraka, bila kuijaribu. Ili kufunga ulichonunua, lazima ukiuze. Pale palipotakiwa "uza", yeye aliandika "nunua". Kwa hiyo hasara ilipofika kikomo, roboti ilinunua. Hasara ikakua, ikanunua tena.

Akavuta kiti bila kujijua, akakaa.

"Umezifunga biashara hizi zote wewe?"

"Moja moja. Kila nikitaka kubonyeza, roho inasema ngoja kidogo."

"Na nilipopiga, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na watu wa huduma wa wakala wetu wa fedha za kigeni. Moja ilikwama, haifungiki. Wakaifunga wao."

"Kwa nini hukunipigia mimi?"

Fundi akamgeukia. "Ningekuambia nini, mke wangu? Kwamba nimezima kwa nia njema? Ungeniamini?"

Msusi alitaka kusema ndiyo.

"Hapana," alisema.

Bei iliendelea kuteremka kwenye kioo. Fundi angengoja kidogo tu, kama alivyozoea, wasingebaki na kitu.

"Nilikuja kukuacha," Msusi alisema.

"Nilijua. Nilisikia ulivyofungua mlango."

"Nisamehe, mume wangu. Kosa langu, nikakuhukumu wewe."

"Mimi ndiye niliyekuzoesha kutoniamini. Hilo siwezi kulizima kwa kubonyeza."

Msusi akaushika mkono uliozima roboti.

Simu ikalia. Wifi: "Mpo salama huko?"

Fundi ndiye aliyejibu: "Tupo. Tunasoma." Kisha akasogeza kiti karibu. "Haya, nifundishe. Mstari huu unasemaje?"

Tangu roboti iwepo, hakuwahi kumuuliza hivyo.

"Unasema bei ikiwa chini ya hapa, fanya hivi."

"Na hiki kidude mwishoni?"

"Nukta mkato. Ukiisahau, programu nzima inanuna."

"Kumbe mna undugu."

Msusi alicheka huku machozi yanamtoka. Waliihamishia roboti kwenye akaunti ya mazoezi, isiyo na pesa ya kweli, na jioni yote wakabishana juu ya mstari mmoja, magoti yao yakigusana chini ya meza.